G1: kibodi isiyojifanya mwalimu

Leo sina programu mpya ya kuwaeleza. Nina lalamiko, na lenyewe ni la miaka mingi.

Kila nikisema kwamba simu niliyoipenda kuliko zote ni ile G1, vijana ninaofanya nao kazi hunicheka. Wanaitafuta picha yake mtandaoni, wanaona kidude kinene chenye kidevu kilichojikunja, wananiuliza kama ni rimoti ya runinga. Nawaacha wacheke. Wakimaliza nawauliza swali moja tu: simu yako ya leo, ukiiandikia Kiswahili, inaandika ulichoandika?

Kwa wasioijua, G1 ni jina ambalo T-Mobile waliipa HTC Dream, simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na Android. Ilitangazwa New York tarehe 23 Septemba 2008, ikaanza kuuzwa Marekani tarehe 22 Oktoba mwaka huo huo kwa dola 179, ukikubali kufungwa na mkataba wa miaka 2. Skrini yake ya kugusa ilikuwa ya inchi 3.2. RAM ilikuwa MB 192 na prosesa MHz 528. Betri ilikuwa ya mAh 1150, maana yake ukitoka nyumbani asubuhi bila chaja, jioni unarudi na kipande cha plastiki mfukoni. Hata tundu la kawaida la kuchomeka visikizi haikuwa nalo.

Lakini ukiisukuma skrini kwa kidole gumba, inateleza kando, na chini yake unakuta kibodi kamili: mistari 5 ya vitufe, namba zikiwa na mstari wao wenyewe. Hapo ndipo mapenzi yangu yalipoanzia.

Yangu ilifika Umoja mwaka 2010, ikiwa mtumba. Binamu yangu aliyekuwa akiishi Marekani alikuja likizo akaniachia. Ilikuwa imefungwa isikubali laini ya mtu mwingine, basi fundi mmoja wa Mutindwa akaitafutia namba ya kuifungua, akanitoza shilingi 1,000, nikaweka laini yangu. Wakati huo ndio kwanza nimeanza kulipwa kwa kuandika programu. Seva ya mteja ikizima nikiwa ndani ya matatu Jogoo Road, nilikuwa nasogea mbali na dirisha (mnajua kwa nini), nateleza kibodi, nafungua ConnectBot, naingia kwenye seva na kuiamsha kabla hatujafika City Stadium. Jamaa wa kando alidhani nacheza gemu.

Sasa niwaambie kisa kimoja cha kweli kuhusu kibodi ya G1, kwa sababu kinahusiana na ninachotaka kusema. Mwezi Novemba 2008, wiki chache tu baada ya simu kutoka, watumiaji waligundua jambo la ajabu. Ukiandika neno "reboot" peke yake kwenye mstari, hata unapomwandikia mpenzi wako, kisha ubonyeze kitufe cha kushuka mstari, simu inajizima na kujiwasha. Kisa na maana? Waundaji walikuwa wameacha ndani yake mlango wa wahandisi. Kila herufi uliyobonyeza ilikuwa inapelekwa pia kimyakimya kwenye sehemu ya kupokea amri, tena kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Ukiandika amri, amri inatekelezwa. Hitilafu hiyo ilirekebishwa haraka kwa toleo jipya, na vizuri, maana ilikuwa hatari.

Mimi huiona hivi: kosa la kibodi ile lilikuwa kutii kupita kiasi. Kibodi zilizoifuata zina kosa la kinyume. Hazitii.

Tulivyokuwa tukiandika zamani

Kumbukeni tulikotoka. Kwenye zile simu za mulika mwizi tulikuwa tunabonyeza namba 7 mara 4 ili kupata herufi S. Kulikuwa na kamusi ya Kiingereza ndani yake, na jambo la kwanza ambalo kila kijana wa mtaani alilifanya akipata simu ni kuizima. Hakuna aliyetufundisha. Ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160, kwa hiyo tulikatakata maneno: "cjui", "2ko", "xaxa". Walimu wetu wa Kiswahili walilia, lakini ule uharibifu ulikuwa wetu. Tuliufanya wenyewe, na aliyepokea alijua kuusoma.

Ikaja G1 na vitufe vya kweli. Kitufe cha plastiki hakijui lugha. Ukibonyeza K kinatoa K. Ukiandika Kiswahili sanifu kwa mwalimu wako, sawa. Ukimwandikia rafiki wa Kayole Sheng ya ndani kabisa, sawa. Ukichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kikamba kwenye sentensi moja, kama tunavyoongea sote huku Eastlands tangu tuzaliwe, sawa pia.

Nisiwadanganye. Hawakutuwekea kibodi ile kwa kutupenda. Android ya kwanza haikuwa na kibodi ya kwenye skrini hata kidogo. Ilikuja na toleo la 1.5, Aprili 2009. Kabla ya hapo ilikubidi uteleze kibodi hata kama unataka kuandika herufi moja. Vitufe viliwekwa kwa sababu programu haikuwa tayari, nasi tukafaidika kwa bahati.

Programu ilipokuwa tayari, vitufe vikaanza kutoweka. Mwaka 2011 Safaricom walileta Huawei IDEOS kwa zaidi kidogo ya shilingi 8,000, na watu ambao hawakuwahi kuota kumiliki simu ya namna hiyo wakaanza kugusa skrini. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini skrini ile ilikuwa ya inchi 2.8. Vidole vya mtu mzima kwenye skrini ya inchi 2.8 hukosea herufi moja kila maneno mawili, kwa hiyo ilibidi simu ianze kukisia ulitaka kusema nini. Na ili ikisie, ilihitaji kamusi. Swali likawa: kamusi ya nani?

Siku Gary alipotusalimia

Mwaka 2012 waya bapa unaounganisha skrini na kibodi ya G1 yangu ulikatika. Fundi wangu aliutafuta mji mzima akaukosa. Nikanunua simu mpya ya kugusa, sitaitaja jina, nzuri na nyembamba, isiyo na kitufe cha herufi hata kimoja.

Usiku mmoja, baada ya miezi mitatu hivi, Mzee wetu alibanwa na pumu vibaya. Nilikuwa naye peke yangu nyumbani. Kredi ilikuwa imeisha, zimebaki SMS za bando. Kaka yangu mkubwa anakaa Donholm, hata dakika 10 hazifiki usiku, na ana gari. Nikamshika Mzee kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikaandika:

"Mzee hawezi pumua poa, kuja na gari saa hii"

Nikatuma bila kuangalia. Aliyepokea alipokea hivi:

"Maze hawezi puma pop, kuja na Gary say hi"

Mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa, lakini wengine wataelewa nikisema kwamba "maze" kwa Sheng ni namna ya kumwita rafiki, na Puma ni viatu. Kaka alisoma akadhani niko kwenye sherehe mahali, nimelewa, na niko na jamaa mmoja anaitwa Gary. Akanijibu: "Msalimie Gary pia." Akalala.

Nilipoona jibu lile sikulielewa. Nilirudi kusoma ujumbe wangu mwenyewe ndipo nikaona. Nikatoka mbio nikagonga kwa jirani, mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa na pikapu ya kubebea mboga. Tulifika hospitali baada ya dakika kama 40. Mzee alipona. Daktari alisema tu kwamba siku nyingine tusichelewe hivyo.

Sasa, kuna watakaosema kosa ni langu, ningesoma kabla ya kutuma. Ni kweli. Lakini nawauliza: kwenye G1 ningehitaji kusoma? Ningekosea herufi moja au mbili, "pumia" badala ya "pumua", na kaka angeelewa kwa sababu makosa ya kidole huacha alama ya neno lililokusudiwa. Kisahihishi hakiachi alama. Kinaliondoa neno lako na kuweka lingine lililoandikwa vizuri kabisa, na msomaji anadhani ndilo ulilolitaka.

Kwa nini ilitokea

Tuiangalie kama wahandisi. Maneno sita yalibadilishwa, na matano kati yake yako umbali wa herufi moja tu na neno la Kiingereza: pumua na puma, poa na pop, gari na Gary, saa na say, hii na hi. Programu inahesabu ni mabadiliko mangapi yanahitajika kufika kwenye neno inalolijua, ikiona ni machache, inabadilisha. Angalieni kwamba "hawezi" na "kuja" yaliachwa, kwa sababu hapakuwa na neno la Kiingereza lililo karibu. Kwa hiyo wanaoumia zaidi ni maneno mafupi ya kila siku: kama, sana, hapa, pesa. Yaani yale yale tunayoyahitaji zaidi.

Tulipotoka hospitali nikaamua kuifundisha simu. Ilikuwa na mahali pa kuongeza maneno yako mwenyewe. Nikaweka "pumua". Kisha nikakumbuka "anapumua". Kisha "amepumua", "hapumui", "akipumua". Nikafika kwenye "saidia", nikaacha, nikachukua kalamu.

Kwa Kiingereza neno la kusaidia lina sura 4: help, helps, helped, helping. Basi. Sasa letu. Kiambishi cha mtenda: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, na vya ngeli nyingine i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa-. Hivyo ni 14. Nyakati na hali, tuchukue 6 tu: -na-, -li-, -ta-, -me-, -ki-, -nge-. Kiambishi cha mtendwa: -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa-, -u-, -i-, -li-, -ya-, -ki-, -vi-, -zi-, -pa-, au pasiwe nacho kabisa. Hizo ni nafasi 14. Zidisha: 14 × 6 × 14 = 1,176.

Sura 1,176 za kitenzi kimoja, na bado hujagusa ukanushi, wala saidiwa, saidiana, saidika. Si zote utazitumia maishani, nakubali. Lakini huwezi kujua mapema ni zipi. Dawa "imemsaidia" leo, kesho maji "yangetusaidia". Kwa hiyo kamusi iliyotengenezwa kama orodha ya maneno, kama ilivyo desturi kwa Kiingereza, haiwezi kuibeba lugha yetu hata ukiijaza mpaka simu ijae. Kiswahili kinahitaji kanuni: mpe kompyuta mzizi, mpe viambishi na mpangilio wake, akague mwenyewe.

Na hili ndilo linaloniuma: kanuni hizo zilikuwapo tayari. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili hadi kwenye viambishi vyake, kazi iliyokuja kujulikana kama SALAMA. Alitumia mbinu ambayo Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, aliieleza mwaka 1983. Huku kwetu, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Yaani miaka minne kabla ya G1 kuuzwa, kulikuwa na watu waliokwisha kuona kwamba lugha hii ina wenyewe na wenyewe wanatumia kompyuta. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba mteja wa Umoja anastahili kusumbukiwa.

Sisemi turudi kwenye vitufe

Simu za kuteleza ziliharibika haraka, vumbi la Eastlands liliingia kwenye reli zake, na waya ukikatika ndio mwisho. Zilikuwa nene na ghali. Tena vitufe vya plastiki navyo vilikuwa na ubaguzi wake: herufi ĩ na ũ za Kikuyu hazikuwa kwenye vitufe vya G1, wakati kibodi ya skrini inaweza kubeba herufi yoyote duniani. Hilo ni jambo kubwa.

Na hali si kama ile ya 2012. Leo Gboard ya Google ina Kiswahili, na inakubali uweke lugha zaidi ya moja kwa pamoja. Ninaitumia. Lakini karibu kila simu ninayoletewa na majirani niitazame, kuanzia ya mama mboga hadi ya mwenyekiti wa ploti, nakuta imewekwa Kiingereza peke yake na kisahihishi kimewashwa. Mwenyewe hakuambiwa. Anaona tu kwamba simu "inamkosea", na wengine wameishia kujilaumu, "mimi sijui kuandika". Mtu aliyezaliwa na Kiswahili anaambiwa na simu yake kwamba hakijui!

Na Sheng ndiyo kabisa. Ukiandika "Buda amesema mitingi ya ploti ni Sato", hata kisahihishi kizuri cha Kiswahili sanifu kitashtuka. Nacho kikikulazimisha, kitakuwa kimefanya kosa lile lile la kwanza, tofauti ni kwamba safari hii kimevaa kanzu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kibodi ya simu isibadilishe neno isilolijua bila kuuliza. Ipendekeze, ikae kando, ningoje nichague. Ikiwa mtu hajachagua lugha, kisahihishi kiwe kimezimwa, na simu ikiwashwa mara ya kwanza imuulize anaandika lugha gani, moja au tatu. Sisi tunaoandika programu tuweke hivyo kwenye kazi zetu bila kungoja California. Ukitengeneza fomu ya kujaza jina, zima kusahihisha kwenye kile kisanduku. Ni mstari mmoja tu wa kodi, nimeuona umesahauliwa mara nyingi, na jina la mtu si kosa la tahajia.

Wewe usiyeandika programu, fanya hivi leo: fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya lugha na kibodi, ongeza Kiswahili, kisha zima kule kusahihisha kwenyewe. Acha mapendekezo ukipenda. Ukimaliza, chukua simu ya mzazi wako uifanyie vivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilimnunulia Mzee simu mpya. Kabla sijamkabidhi nilikaa nayo nusu saa nikaiweka sawa. Akaniuliza nafanya nini muda wote huo na ni yake. Kaka yangu akamjibu kutoka jikoni, "Anamfukuza Gary." Mzee hakucheka. Alichukua simu, akamwandikia dada yake aliye Machakos ujumbe wa kwanza, taratibu, kwa kidole kimoja, nusu Kikamba nusu Kiswahili. Nilichungulia. Kila neno lilikuwa lake, pamoja na makosa mawili.